Mhariri, ile overloki haikuwa yetu

Mhariri, habari za kazi. Gazeti lako nalisoma kila siku ila sio kila siku nalinunua, siku nyingine nalikuta kwa fundi viatu hapa jirani nasoma nikiwa nimesimama, kwa hiyo nisamehe kama nitakuwa nimeruka kitu. Wiki iliyopita kwenye ukurasa huu wa barua kuna mwenzangu mwenye chuo cha ufundi, hakusema yuko wapi ila kwa maneno yake ni huku huku kanda ya kati, alilalamika kwamba vituo vidogo tunanyongwa na masharti, vibali kila kona, faili juu ya faili, halafu akamalizia kwa kuomba serikali ivisamehe ukaguzi vituo vyote vyenye wanafunzi chini ya hamsini. Nimeisoma mara mbili. Nusu ya barua ile nakubaliana nayo kabisa, hiyo nusu nyingine ndo imenifanya niombe nafasi na mimi, maana tukikaa kimya itaonekana wote tunaofanya kazi hii tunawaza hivyo.

Mi nina kituo Nkuhungu, hapa hapa Dodoma mjini. Usifikirie majengo, ni vyumba vitatu na banda la mabati. Tunafundisha ushonaji, weldingi na umeme wa majumbani, walimu watano, wanafunzi hawajawahi kuzidi sitini na kuna mwaka walibaki kumi na tisa. Ada inakuja kwa mafungu, mzazi anashuka kwenye basi la kutoka Chemba na gunia la karanga anakwambia mwalimu pokea hii kwanza, bei ikipanda utauza ujilipe, na kweli unapokea maana ukikataa mtoto anarudi nyumbani. Kwa hiyo mtu akiniambia masharti yanagharimu hela naelewa anachosema, hela hiyo naijua ilivyo ngumu. Lakini kusamehewa ukaguzi hapana, na nitasema kwa nini, na nianze na aibu yangu mwenyewe ili nisionekane najifanya mtakatifu.

Miaka michache nyuma tulipata taarifa kwamba wakaguzi wanakuja Jumatano. Kwenye fomu tuliyojaza kwa mkono wetu tulikuwa tumeandika vyerehani kumi na mbili na overloki mbili, zile mashine za kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Ukweli ni kwamba vyerehani vilikuwa saba, kimoja mkanda umekatika, na overloki hatukuwa nayo hata moja. Basi Jumanne jioni nikaenda kwa dada mmoja ana duka la kushona Majengo, tukaelewana, nikampa elfu ishirini, bajaji ikasomba vyerehani vitano na overloki mbili kwa trip tatu. Tulizipanga usiku kwa tochi ya simu maana luku ilikuwa imeisha. Asubuhi darasa linavutia, vitambaa vimekunjwa, ubaoni kuna mchoro wa gauni la solo, mi mwenyewe nikasema moyoni leo hata waziri aje.

Akaja mama mmoja wa makamo na kijana wa kuandika. Yule mama hakuhesabu mashine. Nilikuwa nimesimama mlangoni nasubiri ahesabu, hakuhesabu. Alizunguka taratibu, akashika shika mishono, halafu akamsogelea binti mmoja wa leveli ya pili akamwambia, mwanangu hebu nitungie uzi kwenye hii overloki. Sasa anayeijua overloki ananielewa, sio kama cherehani cha kawaida unapitisha uzi mmoja unaendelea na kazi, ile ina nyuzi tatu au nne na kila uzi una njia yake, kuna kule chini ndani unapofungua kifuniko lazima upitishe kwa mpangilio, ukikosea hatua moja tu uzi unakatika kila ukikanyaga. Binti akaiangalia ile mashine, akaniangalia mimi, halafu kwa adabu zote alizofundishwa kwao Mpwapwa akapiga goti kidogo akasema, shikamoo mama, hii imeletwa jana usiku, bado hatujaonyeshwa.

Hakuna aliyecheka. Yule mama akasema marahaba mwanangu, akaweka mkoba chini, akafungua kifuniko mwenyewe akaanza kumwelekeza, dakika kumi nzima, wenzake nao wakaacha walichokuwa wanafanya wakazunguka ile meza, na hiyo ndo ikawa mara ya kwanza kwenye kituo changu mtu kufundishwa overloki na aliyefundisha ni mkaguzi. Alipomaliza akaandika kwenye karatasi yake akanipa nisaini. Hakunifokea hata neno moja, bora angefoka.

Na siku haikuishia hapo. Yule kijana alikuwa amekaa na daftari letu la mahudhurio, anafunua karatasi moja moja hana haraka. Akaniuliza mwalimu, hawa watoto tarehe 26 Aprili walikuwepo darasani? Nikajibu ndiyo, walikuwepo wote. Akasema siku ya Muungano? Nikasogea kuangalia. Tiki za mwezi mzima kalamu moja, wino mmoja, zote zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Mwalimu wangu alikuwa amekaa chini jioni moja akatiki mwezi wote mpaka sikukuu na Jumamosi mbili, na aliyemwambia daftari lisiwe na mapengo ni mimi.

Hapa naomba nijitetee kidogo maana nadhani hata huyo mwenzangu litamgusa. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza mwishoni mwa mwaka inakata Aprili, ikikupita imekupita. Mtoto wa Bahi au Kongwa ikifika Januari ni palizi, baba anapiga simu anasema mwalimu naomba kijana wiki mbili tu tumalize uwele, hizo wiki mbili zinakuwa tano, anarudi Machi mikono imekuwa migumu na amesahau hata kushika plaizi. Ukimfukuza umepoteza mwanafunzi na ada, ukimuwekea sifuri kwenye daftari mahudhurio yanashuka na wewe unaonekana kituo chako hakina watu, kwa hiyo unatiki. Ndo tulivyokuwa tunafanya na najua sio sisi peke yetu. Lakini nimekuja kufikiria baadaye, yule aliyepotea wiki tano ndo nilimpeleka kupanda ngazi ya umeme na wenzake, na daftari linasema hakukosa hata siku moja. Angepigwa shoti ningemwambia nini baba yake? Kwamba kwenye karatasi yupo vizuri?

Siku hizi tunaandika ukweli, M ni mgonjwa, S ni shamba, ndiyo tuna herufi ya shamba kabisa, na aliyekwenda shamba akirudi kuna karatasi inaonyesha ni vitendo gani vilimpita na lini atavifidia, maana mafunzo yenyewe yanapimwa kwa umahiri, anachoweza kufanya kwa mkono wake, sio kwa kukaa kwenye benchi. Kozi fupi zetu tumezihamishia Juni watu wakishavuna. Mkaguzi wa mwaka jana aliiangalia ile S akauliza, nikamweleza, akacheka akasema kwao Singida pia ingefaa.

Sasa kwenye barua ya mwenzangu kuna sehemu anaandika kama vile haya masharti yametungwa juzi kutukomoa. Hapana bana. Sheria ya VETA, ile mamlaka ya ufundi stadi, ni ya 1994, iliyoanzisha NACTE, baraza la elimu ya ufundi, ni ya 1997, na mwaka 2021 ndo NACTE ikaongezewa mzigo wa ufundi stadi ikawa NACTVET, kazi ya kusajili na kusimamia vyuo vya namna yetu ikahamia huko, VETA ikabaki na vyuo vyake na kazi zake nyingine. Kweli watu walichanganyikiwa, mpaka leo mzazi akija anauliza hapa ni VETA? nikimwambia hapana mama hapa ni kituo binafsi chenye usajili, anaguna, inabidi nimpeleke ofisini nimuonyeshe cheti ukutani. Ila kuchanganyikiwa na jina la ofisi ni kitu kimoja na kusema hatukuwahi kutakiwa kusajiliwa ni kitu kingine.

Na usajili sio urembo wa ukuta. Mtoto wa dada yangu alisoma umeme kwenye kituo kimoja mkoa mwingine, sitakitaja, mwaka mzima, dada aliuza mbuzi. Kijana anajua kazi, nimemuona kwa macho yangu akivuta waya kwenye nyumba ya vyumba vinne bila kuuliza mtu. Alipoanza kufuatilia leseni ya ufungaji umeme kwa EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, akaambiwa alete cheti cha NVA, yaani cheti cha taifa cha ufundi stadi, yeye ana karatasi imeprintiwa stationery ina mhuri wa duara na picha ya balbu. Kituo hakikuwa na usajili. Akarudi kuwatafuta, banda limekuwa duka la vifaa vya ujenzi. Huyo kijana sasa hivi anafanya kazi chini ya mtu mwenye leseni, anasainiwa, analipwa nusu. Kituo kile kilikuwa na wanafunzi chini ya hamsini, nina uhakika, walikuwa ishirini na kitu. Kwa hesabu ya mwenzangu hicho ndo kingesamehewa.

Halafu usalama. Jamani ndugu zangu wa weldingi tuseme ukweli, ni vituo vingapi ukiingia siku ambayo hakuna mgeni utakuta mwanafunzi amevaa yeboyebo anachomelea? Kwangu ilikuwepo. Buti tulikuwa nazo jozi sita, ziko stoo kwenye kiroba zinangoja mkaguzi, na mtunza stoo alikuwa anazilinda kweli kweli zisichakae. Siku moja cheche ikamwingia kijana kati ya kidole na mkanda wa ndala, akarusha mguu, akapiga teke meza, kipande cha chuma bado cha moto kikaangukia waya. Tulikimbilia boksi la huduma ya kwanza tukakuta panadol mbili, kiberiti na risiti ya mafuta. Mtoto alipona, kovu analo. Sheria ya usalama mahali pa kazi ipo toka 2003, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wanakwambia sajili sehemu yako ya kazi, fanya tathmini ya hatari, vaa vifaa, hakuna hata kimoja hapo ambacho baba mwenye akili zake hamtakii mwanae. Gharama ya buti sita nilishailipa zamani, kilichokuwa kinakosekana ni kuzitoa kwenye kiroba.

Siku hizi hakuna buti hakuna kuchomelea, mwanafunzi anageuzwa getini. Tulipoteza wawili wa kwanza waliokasirika. Walirudi.

Sasa nije kwa mzee wetu wa weldingi maana hili la sifa za walimu ndo mwenzangu amelilalamikia kuliko yote, na hapa ana hoja. Mzee wetu ni Mgogo wa hapa hapa, mageti mengi unayoyaona Chang'ombe na Area C yamepita mkononi kwake, anaweza kukwambia chuma hiki kina uchafu kwa kusikiliza tu kinavyolia kikipigwa nyundo. Shule yake darasa la saba. Tulipoambiwa kila mwalimu awe na cheti cha fani yake na awe amefundishwa kufundisha, nikaogopa kumwambia. Nilimwambia siku ya Ijumaa akiwa anaosha mikono. Akanyamaza, akamaliza kuosha, akasema kijana wangu, mi nimeanza kuchomelea Mtumba ikiwa pori la fisi, leo hao wanaojengewa maofisi huko ndo waniulize nimesomea wapi?

Nilikosa jibu, sikuwa nalo. Ila kuna kitu kinaitwa urasimishaji ujuzi, VETA wanafanya, fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kuulizwa na kwa vitendo, mapungufu yakionekana anafundishwa hayo tu, halafu anapata cheti kinachotambulika. Nilimbembeleza miezi miwili. Mke wake ndo alimuweza, alimwambia baba nanihii wewe unaogopa mtihani. Akaenda. Vitendo hakuna wa kumfikia. Walichomkuta nacho ni michoro, alikuwa hasomi mchoro, miaka yote anapima kwa kamba na macho, na alama za weldingi kwenye mchoro hazijui kabisa. Akarudi akaniambia kwa sauti ya chini, kumbe kuna kitu nilikuwa siwafundishi hawa watoto. Mzee wa miaka sitini na kitu, anakaa jioni na kijana wa mwaka wa kwanza wanasoma mchoro pamoja. Cheti alichopata hakukileta kituoni mpaka leo, amekitundika kwake sebuleni pembeni ya picha ya harusi, mi kwenye faili nina fotokopi.

Hapa ndo nasema mwenzangu ana hoja lakini amekata kona vibaya. Kozi ya ualimu wa ufundi ipo Morogoro, chuo cha walimu wa ufundi stadi, na ni chuo kizuri, lakini mzee kama huyu huwezi kumtoa Nkuhungu ukampeleka Kihonda akakae bweni na wajukuu zake. Sisi tulichofanya ni kumuunganisha na kijana mwenye ualimu, kijana anaandika andalio la somo na kusimamia upimaji, mzee anashika mkono wa mwanafunzi. Ombi letu kwa wanaohusika ni hilo, wakubali wazi wazi kwenye miongozo kwamba darasa la vitendo linaweza kuwa na watu wawili wa namna hiyo na kila mmoja ahesabiwe kwa alichonacho, maana hao wazee wakiondoka hakuna anayejua kusikiliza chuma.

Kuna jingine nilitaka kuliruka kwa aibu ila acha niseme. Mwaka jana asubuhi nimenunua maandazi kwa mama mmoja nje ya geti, nakula, naona karatasi iliyofungia maandazi ina picha ya pasipoti. Ni fomu ya mwanafunzi wangu. Jina lake, la mzazi, namba ya simu, kijiji, mpaka ugonjwa aliouandika kwamba ana pumu, vyote vimelowa mafuta. Usafi wa ofisi ulifanyika, mtu akabeba fomu za zamani akampa mama wa maandazi kwa wema tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 mi nilikuwa naidhani ni ya mabenki na mitandao ya simu. Nilizunguka nikazinunua karatasi zote zilizobaki pamoja na maandazi yenyewe, tukala kituo kizima siku ile. Kabati lina kufuli sasa na ufunguo ni mmoja, ikifika wakati wa kuzitupa zinachomwa kule nyuma mi nikiwa nimesimama hapo hapo.

Sasa ile nusu ninayokubaliana nayo. Mhariri, kila ofisi inakuja kwa siku yake. Huyu Jumatatu, yule wiki ya pili, mwingine mwezi ujao, na kila mmoja anaomba fotokopi ya vitu vile vile, cheti cha BRELA cha kusajili biashara, TIN ya kodi, mkataba wa pango, orodha ya wafanyakazi, risiti za NSSF ile asilimia 20 tunayogawana na wafanyakazi. Mi nimeshanunua printa mbili kwa ajili hiyo. Na kuna siku wanapingana. Mtungi wangu wa kuzimia moto mkaguzi mmoja alisema utundikwe pembeni ya mlango, nikatundika. Akaja mwingine wa ofisi nyingine akasema hapo utazuia watu kutoka, peleka ukuta wa kushoto. Wa tatu akasema uko juu mno. Ule ukuta una matundu manne ya misumari, wanafunzi wanauita ramani. Mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara ni wa 2018 na ulisema tozo na kaguzi zinazojirudia zipunguzwe, na kweli kuna ada za hapa na pale zimefutwa, sikatai. Ila kuja pamoja bado. Na ofisi nyingi makao makuu yako hapa hapa Dodoma sasa hivi, watu wanakunywa chai sehemu moja, wanashindwaje kupanda gari moja wakaja siku moja wakamaliza wakaniacha nifundishe?

Na lugha. Miongozo niliyopewa mimi mingi ni ya Kiingereza, tena kile Kiingereza kizito sijui kriteria sijui elementi, mwalimu wangu wa ushonaji form foo ya miaka ile anaisoma kama mtu anayevuka mto hajui kina. Halafu anaulizwa mbona hujatimiza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, sasa kama hakimu anaandika hukumu kwa Kiswahili orodha ya kukagua karakana inashindikana nini? Sisi tulikaa jioni tatu tukaigeuza wenyewe, ikawa kurasa mbili, tumeibandika nyuma ya mlango wa kila darasa, na ajabu wanafunzi ndo wanaoifuatilia kuliko walimu. Juzi kuna mmoja amenifuata ofisini ananiambia mwalimu pale imeandikwa kila mtu na miwani yake na sisi tuko kumi na mbili miwani ni kumi. Nilikasirika kidogo halafu nikaenda kununua mbili.

Pia hizi sifa tunazozisikia za mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi huko sekondari, kwenye sera mpya ya elimu iliyozinduliwa hapa Dodoma mwanzoni mwa 2025, mashule yatatafuta sehemu za watoto kujifunzia vitendo na wengine watakuja kwetu. Mkuu wa shule gani atamleta mtoto kwenye banda ambalo limesamehewa ukaguzi? Mi nisingempeleka wangu.

Overloki tumenunua moja, mtumba, kwa mtu aliyekuwa anahama Makole, tumelipa kwa awamu nne na ya mwisho nilimalizia na zile karanga za Chemba, bei ilikuwa imepanda kweli. Kwenye fomu tunaandika overloki moja. Tulipewa muda wa kurekebisha yale mengine, tumerekebisha mengi, mawili bado, na hayo mawili yameandikwa kwenye faili kwa mkono wangu na tarehe. Yule binti wa Mpwapwa alimaliza, akafungua meza yake ya kushona Sabasaba, akipata kazi nyingi anakuja kuomba kutumia overloki yetu jioni na anatulipa kwa kuwafundisha wa leveli ya kwanza kutunga uzi. Anajidai anaweza kuitunga amefumba macho. Sijamuona akifanya hivyo ila vyerehani vya dada wa Majengo havijapanda bajaji tena kuja kwangu.

Huyo mwenzangu kama anasoma hapa namkaribisha Nkuhungu aje aangalie faili letu, akopi chochote anachotaka, hata zile kurasa mbili za Kiswahili nitampa bure na akitaka namtumia kwa WhatsApp. Aje siku yoyote ya kazi isipokuwa Jumatano ijayo, Jumatano wanakuja Zimamoto na bado sijajua ule mtungi niutundike wapi.

Ni mimi mwenye kituo,
Nkuhungu, Dodoma.